Maharusi Ishirini wa Shazali

Barua ilisema "mifano". Shazali Hasabo aliisoma mara ya kwanza akiwa amesimama mlangoni, mara ya pili ameketi barazani, na mara ya tatu alivaa miwani ya kusomea asije akawaonea watu bure. Neno lilikuwa pale pale. Madaktari kumi na mmoja wa zahanati za kaskazini walikuwa wanakuja Naga Dirwa kufundishwa, kwa siku tatu, namna ya kutambua maradhi ya ngozi kwa watu weusi. Na yeye, kwa kuwa aliosha na kufunga vidonda katika zahanati ya hapo kwa miaka thelathini na minane kabla ya kustaafu, aliombwa atafute "mifano ishirini ya ngozi nyeusi yenye maradhi".

"Mifano," alimwambia mkewe Dahiba. "Kama vipande vya kitambaa kwa fundi cherehani."

Dahiba alikuwa anachambua dengu. Alimwambia kama neno limemchoma, asiende.

"Nisipokwenda nani atawaonyesha? Hao hata pa kuanzia hawapajui."

Hakusema hivyo kwa majivuno matupu. Katika miaka yake alikuwa amewaona madaktari kumi na tisa wakija na kuondoka. Kila mmoja alishuka kwenye boti kutoka Aswan na uso wa mtu aliyefungwa jela bila kosa, akakaa mwaka wake wa utumishi akihesabu siku, akarudi kwao. Walikuwa wamefundishwa kwamba upele ni mwekundu, kidonda kibaya ni chekundu, mguu ulioingiwa na uchafu ni mwekundu. Basi walipofika kwa Wanubi walibaki kutafuta nyanya kwenye gunia la tende. Wasipoiona nyanya huandika kwenye kadi: "Hakuna wekundu." Mgonjwa hurudi nyumbani na vidonge vya kichwa, na jioni hugonga mlango wa Shazali.

Yeye hakusoma chuo kikuu. Kwa miaka minne alivuka mto kila jioni baada ya kazi, akasoma masomo ya usiku mjini, akapata cheti cha sekondari akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Cheti kile kilitundikwa sebuleni juu ya kabati la vikombe, na daktari wa kumi na mbili, aliyekaribishwa chai chini yake, aliuliza kama ni leseni ya boti.

Kwa hiyo Shazali aliikunja barua, akaingia nyumba hadi nyumba. Aliwachagua ishirini anaowajua: mwenye ukurutu wa viwiko, mwenye mabaka ya mgongoni, mwenye mba wa kichwani, mama aliyejichubua uso kwa krimu ya dukani, wazee wa miguu inayovimba. Wote aliwaambia neno moja: wanakwenda kutazamwa na watu wa Kairo, na Kairo isije ikarudi kusema Wanubi ni wachafu. Asije mtu na magaga. Asije mtu na viwiko vya jivu.

Hakuhitaji kurudia. Naga Dirwa mtu hatokei mbele ya mgeni akiwa mkavu. Wanawake walijisugua singo, wakajifukiza moshi wa mti wa talha, wakajipaka mafuta ya ufuta mpaka magoti yakang'aa. Hina ilikandwa katika kila ua, ikatiwa viganjani na nyayoni, ikafungwa na matambara, ikarudiwa tena hadi ikaiva nyeusi. Hata wazee wa kiume walipakwa visigino, kama wapakwavyo siku ya kuoza mabinti zao. Dahiba naye, ambaye nyayo zake hazikukosa hina hata wiki mbili tangu aolewe, alitia upya, ingawa mguu wa kushoto ulikuwa unamuuma kisiginoni tangu majira ya joto. Mwiba wa kuti la mtende. Shazali alimfunga dawa ya manjano kila Ijumaa kwa miezi mitano, na kila Ijumaa alisema mwiba ukishaingia ndani sana hutoka kwa saa yake wenyewe.

Asubuhi ya siku ya kwanza alisimama gatini kuwapokea. Walishuka wakiwa wameshika kofia zao. Wa kwanza alikuwa Daktari Hatim, kijana mrefu mwenye miwani ya jua na viatu vya kamba nyeupe, ambaye aliuliza kabla ya salamu kama zahanati ina kiyoyozi, na huo ulikuwa mwezi wa Januari. Wa mwisho alikuwa Daktari Rawya, msichana mnene wa Damanhuri, ambaye alikosea ubao wa kushukia, akaingia mtoni mpaka gotini, na kiatu chake kimoja kikaenda na maji. Wanawake waliokuwa wakifua waliangua kicheko. Shazali hakucheka. Alimwandika tu moyoni: huyu haoni hata penye ubao, ataona ugonjwa?

Mwalimu wao alikuwa Profesa Iglal Wahba, bibi mfupi wa mvi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwakatiza wenziwe. Alimpa Shazali mkono, akamwita Ami, akamshukuru kwa kazi. Shazali alijibu kwamba mifano iko tayari. Neno alilitamka polepole ili limwingie. Profesa hakuonekana kuingiwa na kitu.

Ukumbini wale ishirini waliketi kwenye mabenchi, wananukia udi na karafuu, wanameremeta kama vyungu vilivyotoka kupakwa mafuta. Madaktari walianza kupita na kadi zao. Walitazama, wakashika, wakainua mikono, wakaandika. Shazali alisimama nyuma yao akisoma juu ya mabega. Hakuna wekundu. Hakuna wekundu. Ngozi kavu: hapana.

Daktari Hatim alifika kwa Bibi Nabra, ajuza ambaye muundi wake ulikuwa umevimba siku tatu. Aliutazama kwa mbali, akaandika, akataka kupita.

"Umeona nini, daktari?" Shazali alimuuliza.

"Uvimbe wa uzee. Hakuna wekundu."

"Gusa."

Hatim alimtazama kama mtu anayeombwa na bawabu aonyeshe kitambulisho. Shazali alimshika kifundo cha mkono, akamwekea mgongo wa kiganja kwenye muundi wa kulia, kisha wa kushoto. Wa kushoto ulikuwa moto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa. Kisha akamgeuza Bibi Nabra upande wa dirisha, na mwanga ulipomjia kwa ubavu, rangi ya zambarau ilionekana kwenye muundi, na mpaka wake ukawa wazi kama mstari wa kalamu.

"Huo ndio wekundu wetu," Shazali alisema. "Ungemwacha hivyo mpaka Alhamisi, ungekuja kumzika."

Bibi Nabra aliuliza kwa Kinubi kijana yule anasema nini. Shazali akamjibu kwa Kinubi kwamba bado anajifunza kusoma. Benchi zima likacheka, na Hatim, ambaye hakuelewa neno, akacheka pia, jambo lililowazidishia kicheko.

Profesa Iglal alimwandikia Bibi Nabra sindano papo hapo. Lakini aliposogea kwa wengine uso wake ulianza kukunjamana. Alishika kiwiko cha mwenye ukurutu, akakinusa, akaomba kitambaa na maji ya moto yenye sabuni. Akakisugua. Ule mng'aro ulitoka, na chini yake yakatokea mabaka ya rangi ya jivu, yamepasuka kama tope la mfereji mkavu. Madaktari watatu walikwisha kuandika kwamba kiwiko kile ni kizima.

"Nani aliwaambia wajipake?" aliuliza.

"Ni adabu yao," alisema Shazali.

"Ami, nilikuomba wagonjwa. Umeniletea maharusi ishirini."

"Uliomba mifano. Hakuna muuza duka anayetoa kitambaa kichafu."

Profesa alitikisa kichwa, akaagiza mabeseni. Asubuhi yote ikaliwa na kusugua watu. Shazali alichukua kiti, akaketi kando ya mlango akinywa choya baridi, na moyo wake ulikuwa mkunjufu kuliko siku nyingi. Watu wa Kairo walikuwa wanaosha viwiko vya Naga Dirwa.

Baada ya chakula cha mchana somo lilikuwa la nyayo. Profesa alieleza kwamba ipo saratani moja ya ngozi ambayo kwa weupe hutoka mahali palipopigwa na jua, ndiyo maana vitabu vyote huonyesha migongo na mabega. Kwa mtu mweusi hupenda kujificha pasipofika jua: kiganjani, chini ya ukucha, kwenye unyayo. Huanza kama doa jeusi, haliumi, halitoi damu, na mtu hulipita miaka. Ikigunduliwa mapema hukatwa ikaisha. Ikichelewa hupanda juu, na hapo daktari hubaki kumshika mgonjwa mkono tu. Kwa hiyo, alisema, leo tutatazama nyayo za kila mtu.

Wakavua. Nyayo arobaini zikanyooshwa, na zote arobaini zilikuwa nyeusi ti kwa hina, kucha na vidole na visigino.

Profesa alikaa chini. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Hina hii hukaa muda gani?"

"Unyayoni? Mwezi," Shazali alisema. "Ikiwa ni nzuri, zaidi. Hii ni nzuri."

"Basi somo hili limekufa."

Ndipo Dahiba alipoingia na sinia la chai. Hakuwa miongoni mwa wale ishirini. Alikuwa mwenye mji, na mwenye mji hahesabiwi pamoja na wagonjwa. Alizunguka ukumbini akigawa vikombe, na Daktari Rawya, aliyekuwa amevaa kubazi za kuazima kwa sababu ya kiatu kilichokwenda na maji, hakupokea chai. Alikuwa anatazama chini, akifuata miguu ya Dahiba kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Mama, mbona unakanyagia ubavu wa mguu?"

Shazali alimjibu badala yake kwamba ni mwiba, na kwamba mwiba huo una mwenyewe anayeutibu.

"Tangu lini, Ami?"

"Tangu kabla hujajua kushuka kwenye boti."

Madaktari walicheka. Rawya aliiva masikio, lakini hakuondoka pale alipokuwa. Aliuliza tena, safari hii akimgeukia Dahiba mwenyewe, na Dahiba akasema miezi mitano, huenda sita. Akauliza kama kuna mtu aliyeuona huo mwiba. Dahiba akamtazama mumewe. Shazali alisema mwiba wa kuti hauonekani, ndiyo maana unaitwa mwiba wa kuti na si mkuki.

"Naomba nione kisigino," Rawya alisema.

"Utaona hina," Hatim alimwambia. "Sote tumeona hina."

Dahiba aliweka sinia, akaketi, akanyoosha mguu. Kilionekana kisigino cheusi kama vile vingine, na katikati yake kipande kilichochubuka kidogo, cheusi juu ya weusi. Rawya aliwasha taa ya mkononi, akapiga magoti, akatazama mpaka watu wakaanza kuchoka. Kisha akasema haoni kitu, na hapo Shazali akavuta pumzi ya kumaliza shughuli.

"Ila hina hukaa kwenye ngozi iliyokufa, ile ya juu," Rawya aliendelea, na sasa alikuwa akimwambia Profesa. "Tukiparua ile ngozi, rangi yake itatoka nayo. Kama kuna rangi nyingine chini, itabaki."

Hatim aliuliza kama Damanhuri siku hizi inafundisha kukata kucha. Lakini Profesa Iglal alikwisha kusimama. Aliuliza ni nani mwenye mkono wa kuparua kisigino asimtoe mama damu, na wale ishirini, kama waliokwisha kupatana, wakamwonyesha Shazali. Nani mwingine? Alikuwa ameparua magaga ya kijiji kizima. Watu walivuka kutoka ng'ambo kumletea visigino vyao. Ni visigino vya mtu mmoja tu ambavyo hakuwahi kuvitia wembe, kwa sababu Dahiba hakupenda kupanga foleni na watu barazani kwake mwenyewe, na yeye hakuona haja ya kumbembeleza.

Alinawa mikono bila haraka. Alifungua wembe mpya. Aliwaambia madaktari wasogee, maana sasa wataona kazi, na kwamba jambo hili halimo vitabuni. Alianza na kisigino cha kulia, kizima, ili wajue hali ya kawaida. Wembe ulipita kwa ulaini, ngozi ikatoka nyembamba kama ganda la kitunguu, nyeusi, kisha ya rangi ya chungwa, kisha safi kabisa. Chini yake unyayo ulikuwa wa rangi ya tende mbichi. "Hina ni mgeni wa barazani," alisema. "Haingii chumbani." Wawili watatu waliandika maneno hayo.

Akashika mguu wa kushoto. Mara ya kwanza weusi ulitoka. Mara ya pili ilitoka rangi ya chungwa. Mara ya tatu ngozi ilikuwa safi pande zote, isipokuwa katikati. Akapitisha wembe mara ya nne, kwa wepesi ambao mkono wake ulikuwa unaujua wenyewe, na ngozi aliyoitoa ilikuwa nyeusi. Ya tano ilikuwa nyeusi. Doa lilikuwa na ukubwa wa kokwa ya tende, na kingo zake zimetafunwa kama ramani ya nchi yenye bahari nyingi. Upande mmoja lilikuwa la buluu.

Shazali alisimamisha wembe.

Hakuna aliyemweleza. Alikuwa ameona doa kama lile mara moja, miaka ishirini na mbili nyuma, kwenye unyayo wa Awad fundi boti. Alimfunga dawa ya manjano miezi minane. Awad alikufa mwaka uliofuata kwa uvimbe wa kinenani, na daktari wa saba aliandika kwamba ni kifua. Kwenye daftari la vidonda, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma usiku, kilichoandikwa kilikuwa "mwiba". Katika miaka yote iliyofuata hakuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Sasa yalijiunganisha yenyewe, mbele ya watu.

Rawya alikuwa bado amepiga magoti. Hakusema "nilisema". Angalau hilo hakulisema. Profesa aliinama, akabonyeza kinena cha Dahiba juu ya nguo, kwanza kulia, kisha kushoto, akachukua muda mrefu.

"Sisikii tezi iliyovimba," alisema. "Kesho mapema anavuka kwenda hospitali akatwe kipande kipimwe. Si keshokutwa."

"Ni mwiba?" Dahiba aliuliza.

Kila mtu alimngoja Shazali. Ukumbi ulikuwa na madaktari kumi na wawili, na mkewe alikuwa anamuuliza yeye.

"Si mwiba," alisema.

Dahiba aliishusha nguo yake juu ya mguu. Alimwambia mumewe kwa Kiarabu, si kwa Kinubi, ili wageni wasikose hata neno. "Baba Fikri, miezi mitano umeushika mguu huu kila Ijumaa. Huyu mtoto ametazama nikitembea hatua nne na sinia."

Usiku ule hakuna aliyelala sana katika nyumba ile, lakini hilo si la kusimuliwa. Asubuhi walivuka. Walikata kipande, kisha baada ya majibu wakakata zaidi, upana wa vidole viwili kila upande, wakachukua ngozi ya paja kuziba pengo. Daktari mpasuaji alisema uovu ulikuwa haujaingia ndani sana, na kwamba miezi mitano mingine ingekuwa habari nyingine. Shazali alisikiliza maneno hayo akiwa amesimama, kofia mkononi. Aliporudi nyumbani alikishusha cheti kutoka juu ya kabati, akakifuta vumbi, akakitazama, akakirudisha. Halikuwa kosa la cheti.

Mwaka uliofuata mafunzo yalikuja tena, mwezi ule ule. Hatim hakuwamo, ilisemekana amefungua kliniki ya kung'arisha nyuso, na hakuna aliyeshangaa. Rawya alikuwa tayari hapo: aliomba mwenyewe kupangiwa Naga Dirwa, akawa daktari wa ishirini, na kwenye boti bado alikuwa anashuka kama ng'ombe.

Shazali alikaa mlangoni na beseni, sabuni na kitambaa kigumu. Mwezi mzima kabla alikuwa amepita nyumba hadi nyumba kukataza hina, na kila aliyekuja na hina alimrudisha. Wanawake walimtukana kwa kufuata utaratibu, mmoja baada ya mwingine. Walisema mwaka jana alitaka waonekane maharusi, mwaka huu anataka waonekane maiti. Aliendelea kusugua viwiko vyao.

Ndani, Dahiba aliketi kwenye kiti cha mbele, mguu juu ya stuli, kisigino chenye kiraka kikiwaelekea madaktari wapya tisa. Alikuwa amekataa kuitwa mgonjwa na alikuwa amekataa kuitwa mfano. Aliwaambia waje karibu, mbona wanatazama kama wananunua samaki aliyeoza. Mmoja alipoandika kitu, alimtaka akisome kwa sauti. Kilipokuwa "hakuna wekundu", alimwambia afute.

Nyayo zote zilipokwisha kutazamwa, Profesa alifunga daftari. Dahiba alisema bado.

"Nani amebaki?" Rawya aliuliza.

Dahiba alinyoosha kidole mlangoni. Shazali alisema yeye hakuja kutazamwa, yeye ni mtu wa kazi. Alisema amevaa soksi. Alisema miguu yake anaijua. Ukumbi mzima ulimgeukia, wale ishirini na wale tisa, na hakuna aliyemsaidia.

Aliliweka beseni chini. Akaketi kwenye benchi la wagonjwa, ambalo kwa maisha yake yote hakuwahi kulikalia, akafungua viatu, akavuta soksi moja, kisha ya pili. Nyayo zake zilikuwa kavu, zimepasuka, magaga matupu. Benchi la nyuma likaguna.

Rawya alipiga magoti na taa yake.

"Polepole, daktari," Dahiba alimwambia. "Pitia kila kidole. Huyo ndiye aliyeona mwiba."